Kadi ya jeni na chupa ya mbegu: tumeipima huduma ya "vitoto zaidi" kwa wafuga nguruwe wa Nairobi

Tangazo linalozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya wafuga nguruwe wa Ruai, Kamulu, Mwiki, Dagoretti na Kikuyu linaahidi jambo moja tu: vitoto zaidi kila jike anapozaa. Unachouziwa ni vitu viwili ndani ya kifurushi kimoja. Kuna kipimo cha jeni kwa majike wako, ambapo nywele zinang'olewa, zinakwenda maabara na matokeo yanarudi yameandikwa kwenye kadi. Halafu kuna mbegu ya dume "wa uzazi", iliyopozwa, pamoja na mirija ya kupandishia, inayoletwa na boda boda hadi bandani. Jina la mwenye huduma tunaliacha, kwa kuwa maswali ya kuuliza ni yaleyale popote utakaponunua.

Kwa mwenye haraka: mbegu ni nzuri na inasafirishwa inavyotakiwa. Kadi inasema kweli, ila inasema kidogo. Tangazo lenyewe ndilo lenye walakini, maana linachanganya mambo mawili ambayo mfugaji akiyachanganya pesa yake inapotea.

Linasema hivi: dume wetu ni BB (ana nakala mbili za aina B ya jeni ya uzazi; AA hana B hata moja, AB ana moja), kwa hiyo jike wako atazaa zaidi. Si kweli. Jeni wanayoitaja, ESR, inafanya kazi ndani ya mwili wa jike. Mayai ni yake, mji wa mimba ni wake. Mbegu ya BB ikimwingia jike wa AA, jike huyo anabaki kuwa AA na uzao wake unabaki wa AA. Faida itakuja kwa binti zake, ukiwaweka, ukawalea, ukawapandisha, nao wakazaa. Hesabu mwenyewe: mimba siku 114, mtamba (jike ambaye hajazaa) apandishwe akiwa na miezi saba au minane, kisha siku nyingine 114. Hiyo ni kama miezi 15 tangu siku ya mrija. Kama vitoto vyako vyote unavinenepesha na kuvipeleka machinjio ya Ndumbu-ini, basi jeni uliyoilipia imeishia kwenye ndoana.

Ila dume anaweza kukupunguzia vitoto leo leo. Kila kiinitete kina nusu ya jeni za baba, na kama nusu hiyo ina hitilafu ya kuua, kiinitete kinafia tumboni hata mama awe BB wa kupigiwa mfano. Hili tangazo halikuligusa kabisa, na kwetu ndilo la kwanza kuulizia. Tutalirudia.

Tuiangalie kadi kwanza. Inataja jeni tatu: ESR, PRLR na RBP4. ESR ni ya kipokezi cha estrojeni, homoni ya uzazi ya jike, na iko kwenye kromosomu ya 1. Mwaka 1996 Max Rothschild na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, Marekani, walionyesha kwamba aina yake iitwayo B inaandamana na uzao mkubwa kwa nguruwe wenye damu ya Meishan, wale wa Kichina wenye uso wa makunyanzi na masikio yanayoziba macho. Kati ya jike wa AA na wa BB tofauti ilikuwa zaidi ya kitoto kimoja. Kwa Large White, ambaye ndiye wengi wetu tunaye, faida ilikuwa ndogo: karibu vitoto 0.4 kwa kila nakala ya B katika uzao wa kwanza, na takriban 0.3 katika zinazofuata. Katika makundi mengine ya nguruwe haikuonekana kabisa. PRLR ni ya kipokezi cha prolaktini, kromosomu ya 16. RBP4, kromosomu ya 14, inatengeneza protini inayobeba vitamini A hadi kwa viinitete vichanga. Hizo mbili nazo zina tabia ileile ya kusaidia hapa na kunyamaza kule.

Sababu si uongo wa watafiti. Ukubwa wa uzao unaamuliwa na jeni nyingi sana, kila moja ikisukuma kidogo, na jeni zote kwa pamoja zinaeleza kama asilimia 10 tu ya tofauti kati ya jike na jike. Iliyobaki ni chakula, umri, maradhi, joto la banda na saa ya kupandisha. Alama ya jeni kama PvuII ya ESR (mahali kwenye jeni panaposomwa kwa kimeng'enya cha jina hilo), tena, si lazima iwe ndiyo kisababishi. Inaweza kuwa jirani tu wa kisababishi kwenye kromosomu, na katika ukoo mwingine jirani huyo amehama. Kwa hiyo "BB" iliyopimwa kwa chotara wa Meishan haina ahadi ileile kwa chotara wa Landrace na Large White wa Kamulu. Kadi ingeandika sentensi hiyo moja tu, tungeiongezea nyota.

Ili ujue unanunua nini hasa, tazama ndani ya mji wa mimba. Machinjioni utumbo ukitolewa, omba uone vifuko vya mayai vya jike mwenye mimba changa. Juu yake vimesongamana vijivimbe vya rangi ya nyama, kila kimoja kama punje ya hindi au kubwa zaidi kidogo, na kila kimoja ni alama ya yai moja lililotoka. Vihesabu. Mara nyingi utapata kati ya 15 na 25. Sasa pasua pembe mbili za mji wa mimba uhesabu viinitete: hesabu hazilingani. Kurutubishwa si tatizo, kwa sababu jike akipandishwa saa nzuri zaidi ya asilimia 90 ya mayai hurutubishwa. Ila kufikia siku ya 30 kati ya asilimia 20 na 30 ya viinitete vimeshakufa, na baada ya hapo vijusi vingine vinapotea kwa kukosa nafasi. Mayai 20 yanakuwa vitoto 11 au 12, na jike hajaugua hata siku moja.

Siku ya 11 na ya 12 ndizo zenye mtihani. Kiinitete kilikuwa tufe la kama milimita 10, na ndani ya saa chache kinajinyoosha kuwa uzi wa zaidi ya milimita 100. Kufikia siku ya 16 uzi huo unaweza kukaribia mita nzima, umejikunja ndani ya mikunjo ya mji wa mimba. Kinaponyooka kinamwaga estrojeni, na hiyo ndiyo ishara kwa mama kwamba ana mimba, asirudi joto. Vikiwa chini ya vinne, ishara haitoshi na kwa kawaida mimba inavunjika. Jambo la kusikitisha ni kwamba estrojeni ya viinitete vilivyotangulia inabadilisha majimaji ya mji wa mimba, na vilivyochelewa vinajikuta katika mazingira ambayo umri wao hauyawezi. Vinakufa. Meishan anawazidi wenzake hapa: viinitete vyake vinakua kwa mwendo unaofanana na vinatoa estrojeni kidogo kidogo, na baadaye kondo lake ni dogo lakini limejaa mishipa ya damu, kwa hiyo vijusi vingi vinaenea mahali padogo.

Ukishaelewa hilo utaona kwa nini mahindi yenye kuvu ni adui mkubwa kuliko AA. Kuvu aina ya Fusarium hutoa sumu iitwayo zearalenoni, ambayo mwili wa nguruwe huipokea kama estrojeni. Ikifika katika wiki mbili za kwanza baada ya kupandisha, mama anapata ishara ya uongo kabla ya wakati, na viinitete vyote vinakuwa vimechelewa. Mtu analipia kipimo cha jeni ya kipokezi cha estrojeni, kisha anamlisha masalio ya mahindi yaliyonyeshewa. Gunia la mahindi safi kwa ajili ya hizo wiki mbili lina thamani kuliko kadi tatu.

Upande wa maabara, huduma inatenda kazi yake ipasavyo. Bahasha inayoletwa ni ya karatasi, na hilo ni sahihi, kwani ndani ya plastiki nywele hupata unyevu, kuvu linaota na DNA inaharibika. Ng'oa nywele 20 hadi 30 mgongoni au mkiani, kwa koleo, karibu na ngozi. Usikate kwa mkasi. DNA iko kwenye mzizi, ule uvimbe mweupe mdogo mwishoni mwa unywele, na unywele usio na mzizi ni takataka tu. Jike mmoja, bahasha moja, namba ya hereni ya sikio iandikwe kabla ya kung'oa. Osha koleo kati ya mnyama na mnyama. Kosa tunalolitabiri kwenye mabanda mengi ni bahasha tatu kuandikwa jioni kwa kukumbuka, na hapo BB anakuwa jirani yake.

Maabara hunakili kipande cha ESR chenye urefu wa herufi 120 za DNA, kisha wanakiwekea PvuII, kimeng'enya kinachokata DNA. Aina A haikatiki, inabaki 120. Aina B inakatika vipande viwili, 65 na 55. Jike wa AB anaonyesha vyote vitatu. Sasa hapa kuna mtego: kimeng'enya kikiwa kimechoka, au muda wa kukata ukipunguzwa, baadhi ya vipande vya BB vinabaki bila kukatwa na jike anasomeka AB. Ndiyo maana tulitaka kuona kama kila kundi la sampuli linaendeshwa na sampuli ya BB inayojulikana kando yake. Kadi haisemi. Uliza, na kama jibu ni kimya, chukua AB zako kwa tahadhari.

Mbegu ndiyo sehemu tuliyoipenda. Kila chupa ina mililita 80 na imeandikwa shahawa bilioni 3, tarehe na saa ya kukamuliwa, namba ya dume, na siku ya mwisho ya kutumia, ambayo ni ya tatu. Hiyo ni kawaida kwa BTS, kiowevu kinachochanganywa na mbegu ili idumu. Ndani ya kisanduku kuna kipimajoto cha utepe, na chupa zimefungwa kwa gazeti zisigusane na vifuko vya ubaridi. Gazeti hilo ni jambo kubwa. Mbegu ya nguruwe iliyopozwa haiishi kwenye barafu wala kwenye mtungi wa naitrojeni kama ya ng'ombe. Inataka nyuzi 15 hadi 18, ikipendeza 17. Ikishuka chini ya hapo ngozi ya shahawa inapasuka, na ukiipasha tena hazifufuki. Ikipanda, zinachoka kabla ya kazi. Mwezi wa Julai, usiku wa Kikuyu unaweza kuua chupa zilizoachwa dirishani, na Februari mabati ya Ruai yanaziua mchana. Usiweke friji ya nyumbani, kwani hiyo ni nyuzi 4 au 5. Zilaze ubavu, zigeuze taratibu asubuhi na jioni ili shahawa zisitulie chini, na zisipigwe jua.

Kasoro ya upande huu ni mirija. Inakuja ya aina moja, yenye kichwa kikubwa cha sponji, ambayo inamfaa mama aliyekwisha kuzaa. Mtamba anahitaji kichwa kidogo au mrija wa skrubu. Kumlazimishia mkubwa ni kumwumiza, na damu ikitoka shahawa zinaharibika. Kasoro nyingine ni karatasi ya maelezo: imeandikwa kwa Kiingereza chote, ilhali anayeshika mrija mara nyingi ni kijana wa banda ambaye angesoma Kiswahili bila shida.

Kwa hiyo tuyaweke hapa. Joto la mama hudumu siku mbili hadi tatu, la mtamba moja hadi mbili, na mayai hutoka joto likiwa limefikia kama theluthi mbili. Mbonyeze mgongo. Siku anaposimama kama jiwe huku masikio yamenyooka, andika saa. Mtamba apandishwe saa 12 baadaye, mama saa 24 baadaye, na wote warudiwe baada ya saa 12 hadi 24 wakiwa bado wanasimama. Safisha uke kwa karatasi kavu. Paka kichwa cha mrija jeli isiyoua shahawa. Mafuta ya kupikia na Vaseline hayafai. Ingiza mrija ukielekea juu kwa mwinamo wa kama nyuzi 45 ili usiingie kwenye kibofu, sukuma hadi ukwame kwenye shingo ya mji wa mimba (wa skrubu uzungushwe kushoto), kisha inua chupa na uache mji wa mimba ufyonze wenyewe. Dakika tano hadi kumi. Anayekamua chupa ili amalize haraka ataiona mbegu ikirudi kwenye sakafu. Baada ya hapo jike asihamishwe, asichanganywe na wageni, asipigwe mbio kuanzia siku ya tano hadi ya 30.

Turudi kwa dume na yale ambayo kadi yake haionyeshi.

La kwanza ni kuhama kwa vipande vya kromosomu. Dume anaweza kuwa na kipande cha kromosomu moja kimekaa kwenye nyingine. Yeye mwenyewe ni mzima, anapanda vizuri, na mbegu yake chini ya hadubini inaogelea kama samaki. Lakini sehemu ya shahawa zake zina vipande vilivyozidi au vilivyopungua, viinitete vinakufa, na uzao wa kila jike anayempanda unashuka sana, pengine hadi nusu. Ufaransa imekuwa ikiwapima madume wachanga kabla hawajaingizwa kwenye vituo vya mbegu, na kama nusu ya asilimia moja wamekutwa na hitilafu hiyo. Asilimia ni ndogo, lakini dume mmoja wa kituo hupandisha mamia. Kipimo chake si cha nywele: kinahitaji damu mbichi yenye chembe hai, kwenye chupa ya heparini (dawa ya kuzuia damu isigande) yenye kifuniko cha kijani. Muulize muuzaji kama madume wake wamepimwa kromosomu. Jibu la "madume wetu ni wazima" halijajibu swali.

La pili ni jeni za kuua zinazojificha. Mwaka 2018 watafiti wa Uholanzi walieleza pengo (kipande kilichokosekana) kwenye jeni BBS9 katika ukoo mmoja wa Large White. Mwenye nakala moja anakua haraka, kwa hiyo wafugaji walimchagua bila kujua. Mwenye nakala mbili anafia tumboni mimba ikiwa imekwenda, na anazaliwa amekauka. Sasa fikiria dume mmoja mwenye nakala ya namna hiyo akiuza mbegu kuanzia Dagoretti hadi Kamulu. Nusu ya binti zake watakuwa nayo. Ukimwagizia binti mbegu ya dume yuleyule, na binti akawa ni wa ile nusu, robo ya viinitete haitafika: kati ya vitoto 12, vitatu vimekwenda. Namba ya dume kwenye chupa ndiyo kinga yako. Iandike kwenye rekodi ya kila mtamba, na usirudishe mbegu ya baba kwa mwana. Wauzaji hawakukumbushi.

La tatu ni jeni ya mshtuko, RYR1, inayojulikana tangu 1991. Hii haihusiani na idadi ya vitoto sana, ila nyama inatoka nyeupe ya majimaji na nguruwe wanakufa njiani kwenye pikapu. Kipimo chake ni cha nywele zilezile na hakuna sababu kisiwe kwenye kadi.

Bei ya kadi moja inakaribia bei ya kitoto kimoja kilichoachishwa ziwa. Kwa mwenye majike watatu wa kunenepeshea vitoto, hiyo pesa iende kwenye chanjo ya pavo (virusi vinavyoua vijusi tumboni) na mahindi makavu. Kwa mwenye majike 30 anayejizalishia mitamba, kupima mitamba kabla ya kuchagua wa kubaki kuna maana, mradi ESR iwe ya kuamua kati ya wawili waliokaribiana, baada ya kuangalia mama yao alizaa wangapi katika kuzaa mara tatu, chuchu (angalau 14 nzima) na miguu. Rekodi ya mama haina gharama. Denmark, ambako jeni hupimwa kwa maelfu, tangu 2004 walichagua kwa kuhesabu vitoto vilivyo hai siku ya tano, si vilivyozaliwa.

Ukishanunua mbegu, usimlaumu dume wala jike kabla hujasoma ishara. Jike akirudi joto siku ya 18 hadi 24, ama hakushika au vyote vilikufa kabla ya siku ya 12: angalia saa ya kupandisha na joto la kisanduku. Akirudi siku ya 25 hadi 35, alishika kisha vikapotea, na hapo anza na chakula chenye kuvu, vurugu za bandani na maradhi. Akizaa wachache bila vilivyokauka, vilikufa kabla ya siku ya 35 vikanyonywa na mwili, kwani mifupa ilikuwa haijaanza kukomaa. Akizaa vilivyokauka vya ukubwa tofauti, kimoja kama kidole na kingine kama mkono, shuku pavo kwanza. Na majike wanne tofauti wa dume mmoja wakizaa sita sita huku wa dume mwingine wakizaa 11 katika banda lilelile, piga simu kwa muuzaji, mpe namba ya dume iliyo kwenye chupa, na usipokee nyingine yenye namba hiyo hadi akuletee karatasi ya kromosomu.